Siku Nane Katika Milima ya Usambara



Mtu wa Tanga ajua kaskazi ni kitu gani. Mwezi wa Desemba joto huingia nyumbani tangu asubuhi wala halitoki hata usiku wa manane, na watoto huamka wamechoka kuliko walivyolala. Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, tuliazimia kuiacha pwani kwa siku nane na kwenda kupumzika katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara. Lakini joto halikuwa sababu ya pekee. Ilikuwako nyingine, nayo twaieleza bila ya kuficha, kwani hapana shaka wako wasomaji wenye nyumba kama yetu.

Nyumba yetu ina watu sita, lakini mazungumzo yalikuwa yametoweka. Sisi hurejea kazini na uchovu. Mama watoto ana shughuli zake zisizokwisha. Na kijana wetu mkubwa, mwenye miaka 16, alikuwa akila chakula na simu ya mkononi kando ya sahani. Tulimkataza, akanyamaza. Tulimnyang'anya simu, akanuna. Tulimwamrisha kwenda msikitini alfajiri, akaenda siku tatu, na ya nne tukamkuta amejifunika shuka. Kila tulivyozidisha amri ndivyo alivyozidi kuwa mbali nasi. Mwishowe mama watoto akasema, "Tuwatoe watoto hawa mjini, na sisi wenyewe tutoke, kabla hatujasahau sauti za wenzetu."

Njia ya kupanda

Tulitoka Tanga baada ya sala ya alfajiri, tukapita Muheza, Segera na Korogwe, mashamba ya mkonge yakiwa pande zote, mpaka tukafika Mombo. Hapo ndipo reli iliyoanza Tanga ilipofika mwaka 1905, na hapo ndipo msafiri aiachapo njia kuu na kuugeukia mlima. Kutoka Mombo hadi mji wa Lushoto ni yapata kilomita 33, lakini barabara hupinda na kujikunja ubavuni mwa genge, mto ukinguruma chini yake. Watoto wadogo walikuwa wakipiga kelele tangu Korogwe. Gari lilipoanza kupanda walinyamaza wote, wakashikilia viti. Kufika Soni, penye maporomoko ya maji, tulifungua madirisha, na upepo ulioingia ulikuwa baridi. Mama watoto akatoa kanga ya pili akajifunika mabega, akasema, "Alhamdulillahi."

Kutoka Soni tuliishika njia ya Bumbuli, tukashuka katika kijiji cha mwenyeji wetu, mzee wa Kisambaa aliyefahamiana na marehemu baba yetu katika biashara ya maharage. Tulikuwa tumekwisha kupatana naye ada ya vyumba viwili na chakula, maana si murua watu sita kumwangukia mtu kwa siku nane wakijiita wageni. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na yazidiyo hapo ni sadaka ya mwenyeji, wala haifai mgeni akae hata amtie mwenyeji wake dhiki.

Mji wa mapumziko ya wengine

Inafaa vijana wetu wajue kwamba kupumzika katika milima hii kuna historia. Wadachi walipoitawala nchi waliona kwamba Lushoto, ulio juu yapata mita 1,400, una hewa inayofanana na ya kwao. Wakajenga nyumba na ofisi, wakauita mji Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Waingereza walipowafuata, Gavana naye akawa na nyumba yake ya mapumziko huko huko. Zama hizo mtu wetu akipanda Lushoto aghalabu alikuwa amebeba mzigo wa mwingine. Leo barabara ni ya kila mtu, na nauli ya basi yaweza kupatikana na nyumba nyingi zikijiwekea akiba. Hata hivyo wengi wetu wa pwani twaijua milima hii kwa kabichi na karoti zake tu, zinazotufikia sokoni kwa malori ya usiku.

Na kabla ya Wadachi nchi hii ilikuwa na wenyewe. Karibu na kijiji tulichokaa ndiko Vugha, makao ya Wakilindi, wazao wa Mbegha, ambaye masimulizi husema alikuwa mwindaji aliyetoka milima ya Nguu. Katika zama za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, utawala wao ulienea mpaka karibu na bahari. Mmisionari Krapf alipofika mwaka 1848 alikuta Waislamu wa pwani wako tayari katika baraza la mfalme huyo. Mambo ya nasaba hii yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichochapishwa tena mwaka 1962. Kijana asomaye apende kukitafuta. Ataona kwamba watu wetu walijua kuandika tarehe zao wenyewe.

Kijijini

Nyumba ya mwenyeji wetu ilikuwa ubavuni mwa kilima, mlango wake ukitazama bonde. Juu yake migomba, chini yake maharage na viazi, na kando ya uwanja miti ya matunda ambayo watoto wetu hawakupata kuiona ila sokoni: plamu, pichi na peasi. Asubuhi ukungu hulijaza bonde lote kama maziwa katika bakuli, na kabla haujaondoka utasikia watu wakisalimiana bila ya kuonana. "Onga maundo," husema mmoja njiani, na mwingine huitika kutoka shambani, "Niwedi." Watoto wetu walizijua salamu hizo kabla ya siku ya pili kwisha. Hapo hapiti mtu asimsalimu mwenziwe, hata kama ana mzigo wa kuni kichwani.

Msikiti ulikuwa mwendo wa dakika 10, mdogo, wa bati, wenye mkeka safi. Njiani tulikuwa tumekusanya adhuhuri na alasiri na kuzipunguza, kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri; lakini kwa kuwa tulinuia kukaa zaidi ya siku nne kamili, tangu kufika tulisali sala zetu timamu, kama wafunzavyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi. Maji ya udhu yalitoka katika chemchemi, nayo alfajiri yalikuwa ya kukata vidole. Tulikumbuka tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo, kwamba kuutimiza udhu wakati wa mashaka kuna ujira wake. Pwani hatukupata kuyaelewa mafunzo hayo sawasawa.

Kijana wetu hakuja msikitini siku ile ya kwanza, wala ya pili. Mtandao wa simu ulishika juu ya kilima tu, naye huko ndiko alikoshinda, amekaa juu ya jiwe.

Plamu za bibi

Siku ya tatu, baada ya alasiri, alikuja bibi mmoja mjane, jirani wa mwenyeji wetu. Alisalimu, akakaa, akauliza hali za watoto, na baada ya hayo yote akasema kwa sauti ya chini kwamba kijana mgeni ameingia shambani mwake akachuma plamu kadiri ya ndoo nzima. Nyingi zilikuwa hazijaiva, na ameziacha chini. Alikuwa akizingoja ziive akaziuze sokoni Soni, kwani Januari mjukuu wake ataingia shule.

Wasomaji, tuliona haya isiyo kifani. Tulisimama, tukamwita kijana kwa sauti iliyosikika bonde zima, na mkono ukawa umekwisha kuinuka. Mzee mwenyeji wetu akaushika.

"Mwanangu," akasema, "katika nyumba yangu mgeni hapigwi."

Tukamjibu, "Basi mzee, niruhusu nimlipe bibi thamani ya matunda yake, mambo yaishe."

"Ukilipa wewe, kijana atajifunza kwamba baba yake ana fedha. Aliyechuma ni yeye. Haki ya mja haisamehewi ila na mwenyewe. Aende yeye, peke yake, akamwambie alilolifanya."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni, macho chini. Akamfuata bibi yule. Tuliketi na mzee bila ya kusema neno mpaka magharibi ikaadhiniwa. Aliporejea ilikuwa giza, na suruali yake ilikuwa na udongo hata magotini.

"Bibi amesemaje?" tukauliza.

"Amesema amenisamehe. Nikamwuliza nifanye nini. Akanionyesha tuta lake lililobomolewa na mvua za vuli. Mjukuu wake ni mdogo, hawezi mawe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kesho nitarudi, halijesha."

Mzee akacheka. "Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ngapi?"

Tuta la amri na tuta la hiari

Usiku ule, tukila makande mbele ya moto, mzee alitusimulia habari ya matuta, na kwa sababu ya habari hiyo tumeshika kalamu.

Milima ya Usambara ni mikali na watu wake ni wengi. Mvua ikinyesha juu ya udongo uliolimwa bila ya kinga, hushuka nao bondeni, na mwenye shamba hubaki na mawe. Serikali ya Kiingereza iliiona hatari hiyo, na mwaka 1946 ikaanza katika bonde la Mlalo mpango wa kuwalazimisha wakulima kutengeneza matuta. Asiyefanya alitozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, na kubwa yake iliwaangukia wanawake; mashamba yalikuwa madogo; na watu walichelea kwamba ardhi ikishatengenezwa watanyang'anywa. Wakakataa. Wengine walikataa kwa maneno, wengine kwa kulima ovyo makusudi, mpaka katika miaka ya 1950 mpango wote ukavunjika.

"Baba yangu alilipa faini mara mbili," akasema mzee. "Na siku walipoondoka wale wasimamizi, aliyasawazisha matuta yote kwa jembe lake mwenyewe. Alifurahi siku ile kama siku ya Idi."

"Lakini matuta yalikuwa na manufaa?" tukauliza.

"Yalikuwa na manufaa. Tazama kesho asubuhi."

Asubuhi tulitazama. Kilima chote kilikuwa kimekatwa kwa matuta ya ngazi, na katika kingo zake majani ya ng'ombe yamepandwa kushika udongo, na miti katikati. Watoto wa wale waliokataa wamejenga kile kile walichokikataa baba zao. Mradi wa kuhifadhi udongo ulioanza katika wilaya hii mwaka 1981 ulikuja kwa njia nyingine: ukawaonyesha watu kwamba majani ya kingoni ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ni mbolea, na mbolea ni mahindi. Hata hivyo si kila shamba limetengenezwa, na yako mabonde ambayo mito yake bado hupita myekundu wakati wa masika.

"Sisi Wasambaa," mzee akamaliza, "tuna maneno mawili. Kuna kuzifya shi, ndiko kuiponya nchi, na kuna kubana shi, ndiko kuiharibu. Zamani wazee walimpima mfalme kwa maneno hayo. Mimi naona hata baba katika nyumba yake anaweza kupimwa."

Hakututazama aliposema hayo, nasi tulishukuru kwamba hakututazama. Tulikuwa tumemjengea kijana wetu matuta kwa faini, naye alikuwa akiyasawazisha kila tulipogeuza mgongo. Tulichomwamrisha kilikuwa cha haki: sala ni haki, na adabu ya chakula ni haki. Lakini hatukukaa naye hata siku moja tukamwonyesha lile jani la kingoni linalomlisha ng'ombe.

Irente na chanzo cha maji

Kijana alifanya kazi shambani kwa bibi siku tatu. Siku ya pili yake tulimfuata, tukabeba mawe pamoja naye na mjukuu wa bibi, na mikono yetu ya ofisini ikatoka malengelenge kabla ya adhuhuri. Alitucheka, nasi tukacheka. Hatukumbuki lini tulicheka naye mara ya mwisho kabla ya hapo.

Siku ya saba tuliwapeleka watoto wote Lushoto, tukatembea kwa miguu mpaka Irente, penye ncha ya mlima. Hapo nchi hukatika ghafla. Ukisimama juu ya jabali utaona Mazinde chini kabisa, mashamba ya mkonge yamepangwa kama mistari ya daftari, na barabara kuu nyembamba kama uzi, na ng'ambo yake mbuga inayokwenda mpaka macho yashindwe. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Kitabu chake kwamba ameifanya milima kuwa vigingi vya ardhi. Mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka saba, alitushika kanzu kwa mikono miwili, akauliza kwa nongwa, "Nani amepakata huku?" Hatukuelewa, mpaka dada yake akatufasiria: alitaka kujua ni nani aliyeushika mlima usianguke.

Njiani kurudi tuliitazama misitu ya Magamba juu ya mji, tukawaeleza watoto kazi yake. Upepo wa bahari ya Hindi hufika ukiwa na unyevu, hugonga milima hii ukapanda juu na kupoa, nao ukawa mawingu na mvua. Msitu hushika ukungu na mvua hiyo, hufunika udongo usikauke, na hutoa maji kidogo kidogo mwaka mzima. Misitu ya Usambara ni ya tangu kale sana, na mna viumbe visivyopatikana pengine popote duniani. Ua lile dogo la zambarau ambalo Wazungu hulifuga madirishani mwao, nalo lilipewa jina la kitaalamu mwaka 1893 kwa heshima ya ofisa wa Kidachi wa Tanga aliyelipeleka kwao, asili yake ni misitu yetu hii. Na maji wanayoyanywa watu wa mji wa Tanga ni ya mto Zigi, ambao hutoka katika Usambara ya Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera.

"Yaani bomba letu la nyumbani linaanzia milimani?" akauliza kijana.

"Ndiyo."

Hakuongeza neno. Lakini siku ya kuondoka, alfajiri, tulipokwenda chemchemini kutawadha, tulimkuta amekwisha kufika kabla yetu, mikono imemwiva kwa baridi. Hakuna aliyemwamsha.

Kurejea

Bibi mjane alikuja kutuaga na kikapu cha plamu zilizoiva. Tulitaka kumlipa, akakataa, akasema hizo ni za mfanyakazi wake. Mama watoto, ambaye hashindwi kwa hila za wema, alimwachia mjukuu daftari na kitambaa cha sare ya shule, nasi tukashuka Mombo kuirudia kaskazi yetu.

Hatusemi kwamba kijana wetu amekuwa walii. Simu anayo, na alfajiri nyingine bado huhitaji kuitwa mara mbili. Lakini wakati wa chakula simu yake huiacha chumbani, na sisi yetu tumeanza kuiacha pia, maana tuligundua kwamba sheria hiyo tulikuwa tumemwekea yeye peke yake. Akina baba watatufahamu.

Kwa jamaa watakaopenda kufanya safari kama hii, twawausia machache. Chukueni nguo nzito, hata kama ni Desemba. Na mkienda Juni au Julai chukueni mara mbili. Valieni viatu vya kutembea, kwani njia za mlimani huteleza baada ya mvua. Patanani na mwenyeji wenu mapema juu ya malipo, na nunueni mboga na matunda kwa wakulima wenyewe bila ya kuwakandamiza bei. Waombeni watu ruhusa kabla ya kuwapiga picha, wala msiingie shamba la mtu. Msikate mti wala kung'oa ua msituni. Na juu ya yote, msiwapeleke watoto mkawaacha wajichezee wenyewe siku zote. Watafutieni kazi ndogo ya mkono, wafanye pamoja na wenyeji, na nyinyi mfanye pamoja nao.

Imepokewa kwa Mtume wetu (s.a.w.) kwamba Muislamu apandaye mti, akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Tuta la bibi yule lipo mpaka leo, na mpakani mwake kijana wetu alipanda miche miwili ya plamu aliyopewa na mzee. Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai, tutakwenda kuitazama.

Wabillahi tawfiq.